Muziki katika Filamu na Haki ya Kimya

Yako mazoea yaliyokaa mno hata yakadhaniwa kuwa sheria. Mojawapo ni hili, kwamba filamu haiwezi kunyamaza. Mtu akifa, fidla hulia kabla ya mjane. Mtu akipenda, kinanda hukiri mapenzi kabla ya ulimi. Mwizi akinyemelea mlango, ngoma humtangaza kabla ya mbwa. Mtazamaji haachiwi hata pumzi moja ya kujiuliza maana ya aonacho: jicho halijaona, sikio limekwisha kuambiwa, moyo haujapima, hukumu imekwisha kusomwa. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kuwa mazoea hayo ni mabaya. Kuwa hayakuzaliwa na sheria yoyote ya sanaa. Na kuwa kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ubaya wake ni mara mbili, kwa sababu yanakwenda kinyume cha kazi ambayo wimbo ulipewa katika hadithi zetu tangu kale.

Nisieleweke vibaya. Simtukani mwanamuziki, wala sitaki filamu itazamwe kama maiti itazamwavyo. Udi, ganuni, fidla, zeze, marimba na ngoma ni katika mali bora za wanadamu, na mtu asiyetikisika kwa muziki ni wa kuhurumiwa. Neno langu ni dogo: muziki ndani ya filamu na ufanye tendo, au unyamaze. Kwa tendo nakusudia jambo ambalo likiondolewa hadithi hupungua: siri hubaki siri, mwovu hubaki hajulikani, uchungu hubaki hauna njia ya kutokea. Muziki ufanyao hivyo ni mmoja wa wahusika. Muziki usiofanya hivyo, ambao kazi yake ni kukaa chini ya maneno ya watu na kutunong'oneza tuhuzunike sasa, tufurahi sasa, tuogope sasa, ni mdoezi aliyejitia katika karamu asiyoalikwa.

Watetezi wa mazoea husema kwanza kuwa muziki ulizaliwa pamoja na filamu, na vilivyozaliwa pamoja havitengwi. Ushahidi wao ni wa kweli, lakini hauthibitishi wanachodai. Ndugu Lumière walipowaonyesha watu waliolipa kiingilio picha zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, filamu ilikuwa bubu, na kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata ikabaki bubu. Mpiga piano alikaa mbele ya pazia akapiga. Katika kumbi kubwa ilikaa okestra nzima. Mwaka 1908 Camille Saint-Saëns, mtunzi mashuhuri wa Ufaransa, alitunga muziki mahsusi kwa filamu ya L'Assassinat du duc de Guise. Sababu ilikuwa dhahiri: watu wa kwenye picha hawakuweza kusema, na ukumbi uliojaa watu na mashine inayokereza haukufaa kuachwa hivi hivi. Muziki ulikuwa mkongojo wa kiwete. Lakini The Jazz Singer ilipotoka mwaka 1927, na kwa miaka michache iliyofuata picha zikajifunza kusema, kiwete alipona. Ajabu ni kwamba mkongojo haukuwekwa pembeni, ulinenepeshwa.

Mwaka 1933, katika King Kong, Max Steiner alitunga muziki ulioandama matendo kama kivuli, hata hatua za mkuu wa kisiwa ashukapo ngazi zikapigiwa noti moja moja. Ufundi ulikuwa mkubwa, na sokwe aliyeundwa kwa mikono alihitaji kila msaada ili aaminike. Walakini wengi waliofuata njia hiyo hawakuwa na sokwe. Walikuwa na watu wa kawaida wanaopanda ngazi za kawaida. Sisi tufundishao lugha twalijua kosa hili. Mwanafunzi akiandika kwamba mama alilia kilio cha machozi kwa huzuni ya masikitiko, twapiga mstari mwekundu, kwa kuwa neno la pili halikuongeza kitu juu ya la kwanza. Filamu ituonyeshayo mama akilia, kisha ikaliza na fidla juu yake, imefanya kosa lilo hilo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi husahihishwa, na filamu hupigiwa makofi.

Tazama sasa filamu iliyokataa. Fritz Lang alitoa M huko Ujerumani mwaka 1931, wakati ambapo sauti ilikuwa jambo jipya na kila mtu alitamani kuitumia mpaka basi. Lang hakuweka muziki wa kusindikiza. Mna ndani yake muuaji wa watoto katika mji mkubwa. Polisi wanamtafuta, na wezi nao wanamtafuta, kwa kuwa misako ya polisi inawaharibia kazi. Muuaji huyo ana tabia moja: tamaa yake ipandapo hupiga mbinja kipande cha muziki wa Grieg. Hakuna fidla ya kutuambia kwamba hatari imekaribia. Twaisikia mbinja, na sisi wenyewe twajifunza kuiogopa. Na siku ya kutambuliwa kwake, hatambuliwi na mwenye macho. Kipofu auzaye maputo aliisikia mbinja ile siku mtoto mmoja aliponunuliwa puto asirudi tena kwao. Akaisikia mara ya pili, akaunganisha. Ondoa mbinja katika M, na muuaji hapatikani. Huo ndio muziki ufanyao tendo: ni ushahidi, ni nyayo, ni mkono ushikao.

Mtu aliyelelewa na bibi msimulizi hawezi kuona ugeni katika kisa hicho. Katika ngano zetu na za jirani zetu wa bara, wimbo haukuwekwa kuwa pambo. Mtoto aliyefichwa hutambua kwa wimbo kama abishaye mlango ni mama yake au ni zimwi. Zimwi hujifunza wimbo ule, na hapo maangamizi huanza. Msichana aliyetiwa ndani ya ngoma huimba kila ngoma ipigwapo, hata jamaa zake wakaitambua sauti. Aliyeuawa kwa siri hurudi kuwa ndege, akaimba juu ya mti mpaka wazazi wakajua. Msimulizi afikapo hapo huacha kusema, huimba, na wasikilizaji huitikia; hadithi haisogei mpaka wimbo umekwisha, kwa sababu wimbo ndio hatua yenyewe ya hadithi. Hapana msimulizi aliyepata kuvumisha pua chini ya maneno yake mwenyewe tangu paukwa mpaka mwisho. Angefanya hivyo, wajukuu wangemwuliza kama ameshikwa na homa.

Nasi tulipotoka katika ngano tukaingia mjini, desturi haikugeuka. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakuimba ili watu wapate kuzungumza juu ya sauti yake. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja na jinsi haki ilivyokwenda kombo baadaye. Watu waliusikiliza kama wasikilizavyo shahidi. Kipofu wa Berlin, ndege wa ngano na mwimbaji wa Unguja wamekutana njia moja: kwa wote watatu sauti yenye tuni hutoa jambo lililofichwa hadharani. Basi atuambiaye kuwa muziki wa filamu lazima uwe shuka la kutandika chini ya maneno hatufundishi sanaa. Anatusahaulisha sanaa tuliyokuwa nayo.

Ousmane Sembène wa Senegali, aliyekuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, alilielewa jambo hili tangu filamu yake fupi ya Borom Sarret ya mwaka 1963, yenye urefu wa dakika 20 hivi. Mwenye mkokoteni wa farasi anatafuta riziki mjini Dakar. Akiwa katika mitaa ya watu wake twasikia khalam, ala ya nyuzi ya Wawolofu. Apandapo kwenda Plateau, mtaa wa majumba marefu ambako mikokoteni imekatazwa, muziki hugeuka kuwa wa Ulaya ya kale. Hatukuamriwa kuhuzunika. Tumeambiwa jambo lililo zito zaidi: kwamba mji mmoja ni nchi mbili, na maskini avukapo mpaka, masikio ndiyo hujua kwanza. Tena yuko mwimba sifa za nasaba, ambaye anawasifu mababu wa mwenye mkokoteni mpaka mtu yule anatoa chumo lake la asubuhi. Wimbo umemnyang'anya mtu chakula cha nyumba yake mbele ya macho yetu. Hapo hujua mtazamaji kuwa muziki si manukato; ni nguvu, na nguvu hutumiwa juu ya watu.

Huenda msomaji akasema nimekwepa swali kwa kuchagua mifano ambamo muziki hutoka ndani ya hadithi. Na ule utokao nje, usiosikiwa na wahusika, je, haufai kabisa? Wafaa, ukiwa na adabu. Katika Pather Panchali ya mwaka 1955, Satyajit Ray anamrudisha baba nyumbani, katika kijiji cha Bengali, baada ya safari ndefu. Baba hajui kuwa binti yake Durga amekufa. Anatoa zawadi moja moja, hata anafikia sari aliyomnunulia binti. Mama anaipokea, na moyo unamvunjika. Kinywa chake kimefumbuka kulia, lakini sauti yake hatuisikii. Mahali pake pana mlio mkali wa tarshehnai, ala ya nyuzi ya Kihindi, katika filamu ambayo muziki wake ulitungwa na Ravi Shankar. Zingatia alichofanya Ray. Hakuweka muziki juu ya kilio. Aliondoa kilio, ndipo akaweka muziki. Angeviacha vyote viwili, kimoja kingekuwa ziada. Muziki ule ulilipa kodi ya mahali ulipokaa.

Hoja kubwa zaidi dhidi yangu ni Psycho, nami sitaipita kando. Alfred Hitchcock alikusudia kwamba mauaji ya bafuni yasiwe na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, alitunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake. Hitchcock aliposikia akakubali, na filamu ikatoka mwaka 1960 pamoja na mlio ule usiosahaulika. Basi, watasema, hapa mwongozaji alitaka kimya na kimya kikashindwa. Nakubali kilishindwa. Lakini kilishindwa na nini? Nyuzi zile hazitufundishi kuwa kuua ni vibaya, wala hazituombi tumhurumie mwanamke. Zinakata. Jeraha ambalo jicho halionyeshwi wazi, sikio hulipata. Na Hitchcock huyo huyo, mwaka 1963, alitoa The Birds bila muziki wa kusindikiza, Herrmann huyo huyo akiwa mshauri wake wa sauti. Hofu ikakaa katika milio ya ndege iliyoundwa kwa mitambo, na katika wimbo wa watoto wa shule unaoendelea darasani huku kunguru wakikusanyika nje mmoja baada ya mmoja. Mafundi hawa wawili hawakuwa watumwa wa kimya wala wa muziki. Kila mara waliuliza ni kipi kitakachotenda.

Hoja nyingine yatoka karibu zaidi na nyumbani. Watu wa pwani, nitaambiwa, walijaza kumbi za sinema za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri, nazo zimejaa nyimbo. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa na watu wasiojua Kihindi. Mbona basi nadai kuwa muziki mwingi ni kosa? Sikudai hivyo. Wimbo wa filamu ya Kihindi haukai chini ya maneno. Husimama mbele, hadithi ikaupisha, kama msimulizi wa ngano apishavyo. Una maneno, una mwimbaji, una aimbiwaye. Ndiyo maana watu wa pwani waliweza kuuchukua: Juma Bhalo wa Mombasa alizitwaa tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na tuni zikaishi maisha ya pili katika arusi zetu. Wimbo huazimika. Hapana aliyepata kuazima mlio wa kinanda upitao chini ya mazungumzo, kwa kuwa hapana aukumbukaye. Wingi si hoja yangu. Hoja yangu ni kazi.

Tena muziki usio na kazi ya haki si kosa la ladha tu. Huweza kuwa dhuluma. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, na jina lake ni neno letu. Lakini tuni iliyobaki katika masikio ya dunia ni ile ya Henry Mancini ya matembezi ya tembo wachanga, tuni ya kuchekesha inayopigwa hata leo na watu wasiojua Tanganyika ilikuwa wapi. Out of Africa ya Sydney Pollack, ya mwaka 1985, inasimulia Kenya ya wakati wa wakoloni, na muziki wa okestra wa John Barry ulipata tuzo ya Oscar. Mna katika filamu hiyo muziki utendao: gramafoni ipigayo Mozart porini hutuonyesha mwenyewe ni mtu wa namna gani. Lakini ndege ndogo ipaapo, nchi ikatandazwa chini na nyuzi zikapanda, mtazamaji hujaa mapenzi asiyoyatafuta. Mapenzi ya nani kwa nani? Ardhi ile ina wenyewe, nao wana nyimbo zao za kulima, za jando na za kuzika. Okestra ikiisha kupita juu yake, nchi huonekana tupu, kana kwamba ilikuwa yamngoja mgeni aje aipende. Sisemi kuwa mtunzi alikusudia hayo. Nasema kuwa muziki uamuruo hisia huamuru pia ni hisia za nani zitakazohesabiwa.

Lakini tusijifiche nyuma ya makosa ya wageni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafundisho kwa Waafrika. Maneno yalitiwa katika santuri, ili picha ile ile ipate kusemewa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Sauti ilikuwa kitu cha kubandika, na wale walikuwa na udhuru wa vyombo vyao. Sisi leo tuna kamera, hata simu za mkononi, zinasazo sauti na picha kwa pamoja. Na bado twabandika. Filamu nyingi za Kiswahili zinazouzwa na kurushwa sasa zina kinanda cha umeme kinachoanza na jina la filamu na kukoma na majina ya waliofadhili. Mama mkwe asema, kinanda chasema. Mganga atabiri, kinanda chatabiri. Mtazamaji hulazimika kuinama mbele na kutega sikio ili aambulie Kiswahili cha filamu ya Kiswahili.

Hapa ndipo penye hasara iliyo yetu peke yetu. Filamu zetu hazina merikebu za angani wala miji ya kuteketezwa kwa gharama kubwa. Utajiri wake ni usemi: fumbo la wifi, methali ya mzee, lafudhi ya Mpemba mbele ya Mmakonde, kejeli iliyofungwa ndani ya salamu. Mtu akifunika usemi huo kwa kinanda, amefunika kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza. Na usemi wetu si maneno tu. Kimya nacho ni neno. Aliye mlangoni hupiga hodi mara tatu, na pasipo karibu hurudi alikotoka: kimya kimemjibu. Mzee aulizwapo jambo zito hutua kwanza, na kutua huko ni nusu ya jawabu. Mwari huulizwa kama aridhia kuozwa, naye hunyamaza. Kwa desturi kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Je, ni ndiyo ya furaha, ya haya, au ya kukata tamaa? Riwaya nzima yaweza kukaa ndani ya swali hilo. Mwongozaji akiweka hapo fidla ya majonzi, amemsemea mwari kuwa hataki. Akiweka zumari ya shangwe, amemsemea kuwa ataka. Kwa vyovyote amemtolea ushahidi mtu aliyechagua kunyamaza, na mtazamaji amepokonywa haki ya kumtazama usoni akaamua mwenyewe.

Watengenezaji hujitetea kwa umaskini. Husema vinasa sauti vyao ni duni, na kelele za barabarani huingia. Muziki huziba aibu. Udhuru huu naupa heshima yake, kwa kuwa kutengeneza filamu kwa fedha kidogo ni kazi ya kishujaa. Walakini tiba yenyewe yazidisha ugonjwa. Asiyesikika kwa sababu ya pikipiki hatasikika zaidi kwa sababu ya pikipiki na kinanda. Katika vyombo vyote vya filamu, kimya ndicho kisicholipiwa. Aliye maskini ndiye angepaswa kuwa bingwa wake. Isitoshe, muziki huo wa kuziba aibu mara nyingi umenyofolewa katika kazi ya mtu mwingine bila idhini wala malipo, ingawa Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Twamnyima mtunzi wa nje haki yake, na kwa fidla hiyo hiyo ya wizi twamnyima mtunzi wa Bagamoyo, wa Lamu na wa Unguja kazi ambayo ingekuwa yake.

Wengine hudai kuwa mtazamaji wetu ndiye ataka hivyo. Kwamba ukimnyima kinanda atazima. Hoja hii nimeisikia kwa watu wasomi, nayo ndiyo inayonichukiza kuliko zote, kwa maana yamdhania mtu wa kawaida kuwa mtoto. Mtu yule yule hukaa barazani akasikiliza kesi ya majirani bila fidla, akapambanua mwongo na mkweli kwa jinsi sauti ilivyopanda. Hukaa matangani, asiambiwe na yeyote lini alie. Hufumbua fumbo la taarabu lililomshinda mwenye shahada. Mtu wa namna hii akiletewa filamu, ghafla hudhaniwa hawezi kutambua huzuni mpaka apigiwe kengele! Wakoloni walidai kuwa Mwafrika hawezi kufuata filamu isipokuwa imetafuniwa; si heshima kwetu kuitafuna sisi kwa ajili ya ndugu zetu.

Nini basi kifanywe? Kwanza, kila filamu iliyokamilika itazamwe mara moja na waliyoitengeneza bila muziki wowote. Palipobaki imara, muziki usirudi. Palipoanguka, waulize kama kilichoanguka ni muziki au ni hadithi. Wataona kuwa aghalabu ni hadithi, na dawa yake ni kalamu. Pili, muziki unaorudi uulizwe kazi yake kama kibarua aulizwavyo: unafichua nini, unamtenda nani, unachukua nafasi ya nini? Asiyeweza kujibu na aende zake. Tatu, wimbo upewe mahali ndani ya hadithi, kama ngano zilivyoupa. Nyenzo tunazo. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi ya Vuta N'kuvute kuwa filamu mwaka 2021, taarabu ilikuwamo ndani ya maisha ya wahusika; haikuokotwa njiani ikabandikwa. Njia hiyo iko wazi kwa wengine.

Na sisi wa vyuo vikuu tuna wajibu wetu. Twafundisha vina na mizani, twafundisha dhamira na wahusika, lakini mswada wa filamu twausoma kama kwamba sauti ni kazi ya fundi wa umeme. Mwanafunzi wa fasihi afundishwe kuandika kimya ndani ya mswada kama aandikavyo neno: nani anyamaza, kwa muda gani, mbele ya nani, na kwa nini. Mhakiki naye asiseme tu kuwa muziki wa filamu ulipendeza. Manukato nayo hupendeza. Aseme ulifanya nini.

Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, na kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Filamu zetu zimesikiliza ngoma mpaka ngozi imeanza kuachia. Mshindo wa kimya bado hazijaujaribu, nao ndio uliokuwa urithi wake wa halali. Anayetaka kutuliza na atulize kwa jambo. Anayetaka kututisha na atutishe kwa jambo. Naye asiye na jambo, basi walau atuachie utulivu tusikilize wenye nalo.